Mbwa Aliyenywea Kikombe Changu

Usiku wa jana niliota kuwa ni mchana, saa kumi alasiri, nami nimekaa kwenye benchi langu nimenuna. Kununa sikukuota. Huko niliingia nako kitandani.

Ngoja nieleze kwanza kulikotoka, maana ndoto ya mtu aliyenuna ukiisikia bila sababu yake utadhani bibi ameanza kuchanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Nina miaka sabini na mitatu na najua kila aliyenikosea, kwa jina na kwa tarehe.

Nsia ni jirani yangu. Kihamba chake na changu, yaani mashamba yetu ya migomba, vinatenganishwa na mstari wa masale, yale majani marefu ambayo sisi huku mlimani tunayapanda mpakani. Tulianza darasa la kwanza siku moja, dawati moja. Tulichapwa pamoja kwa makosa niliyoyafanya mimi. Tumezika waume zetu mwaka mmoja. Na kila siku saa kumi tunakunywa kahawa, leo kwangu, kesho kwake. Kikombe chake kinakaa kwangu. Changu kinakaa kwake: cha bati, cheupe, kina ukingo wa bluu na pengo mdomoni pale rangi ilipobanduka. Miaka arobaini hakuna mdomo mwingine uliokigusa.

Basi binti yake, Elinami, akatoka Arusha akamletea mbwa.

Usifikiri mbwa tunayemjua mimi na wewe, yule wa kufungwa mchana na kufunguliwa jioni. Huyu kadogo, unamweka kwenye kikapu cha mayai na nafasi inabaki. Mweupe mwenye mabaka ya kahawia, masikio kama mapazia ya sebuleni, macho kama ya mtu aliyetoka msibani. Elinami akasema ni mbwa wa ndani, kazi yake ni kukaa na mtu tu, na kwamba zamani huko Ulaya ukoo wake ulikuwa ukikaa kwenye mapaja ya wafalme. Nsia akafurahi, akamwita Mangi. Jina la chifu, akampa kitu kinacholala kwenye mto!

Tangu hapo ikawa, "Aikande, subiri nimchane Mangi." "Aikande, leo siji, Mangi hawezi kubaki peke yake." Mimi nimebaki peke yangu tangu nimzike mume wangu, sijasikia mtu ameshindwa kutoka kwa ajili hiyo. Na nywele zangu nazichana mwenyewe.

Siku moja nikapita kwenye mwanya wa masale, zamu yangu ya kwenda, nikamkuta Mangi anakunywa maji. Kwenye kikombe cha bati. Cheupe. Chenye ukingo wa bluu.

"Nsia," nikasema, "hicho ni kikombe changu."

Nsia akageuka akanitazama hivi, kama anayemtafuta mtu nyuma yangu. "Ni kikombe tu, Aikande."

"Ni kikombe tu! Basi huyo ndiye mwenzio. Kanywe naye kahawa."

"Yeye angalau hapigi kelele."

Nikarudi kwangu. Siku tisa.

Sasa, kwetu mtu akikosa anachuma jani la isale, analipiga fundo, analipeleka kwa aliyemkosea. Hasemi kitu. Na ukiletewa isale huwezi kukataa, hata kama mtu amekuchomea nyumba. Siku tisa nikawa nangoja jani. Wewe unaniuliza kwa nini mimi nisipeleke. Nipeleke mimi? Mimi si ndiye niliyenywewa kikombe?

Siku ya nane Elinami akapita kwangu. "Mama mdogo, amebaki mmoja wa tumbo moja na Mangi, jike. Ukimtaka, nijibu Jumamosi. Lakini usome hii kwanza." Akaniachia karatasi: *Mambo ya Kujua Kabla ya Kumchukua*.

Nilimtaka papo hapo. Si kwamba nawapenda mbwa. Nilitaka Nsia achungulie mpakani aone kuwa wa kwangu ana masikio marefu zaidi. Jina nilikuwa nimeshapata. Ningemwita Mangi Mkuu, hata kama ni jike.

Ijumaa usiku nikalala na karatasi kifuani na miwani puani. Basi ndipo nikaota.

Ni saa kumi. Niko kwenye benchi. Masale yote ya mpakani yamenipa mgongo.

Utaniuliza mgongo wa jani unaujuaje. Ukifika umri wangu unamjua aliyekupa mgongo, hata akiwa jani.

"Mnatazama nini huko?" nikauliza.

"Tunahama," likasema isale lililo refu kuliko yote. Lilikuwa na sauti ya mzee wa kanisa anayesoma matangazo. "Kila ukimwonea Nsia wivu, mpaka unasogea hatua moja. Tangazo la pili, hatuchoki."

"Mimi sina wivu."

Yakasogea hatua kumi na mbili.

"Uongo nao tunauhesabu," likasema.

Nikatazama. Nyumba ya Nsia ilikuwa imebaki kama banda la kuku, na moshi wake kama uzi wa kushonea. Nikawaza: sasa ndani ya kibanda hicho yule mbwa amelala mapajani, anakunwa shingo. Masale yakasogea. Nyumba ikawa kama kiberiti.

"Sijasema kitu!"

"Tumesikia," yakajibu yote pamoja.

Nikasema, vizuri, hameni. Nendeni hata Mombasa. Mimi nakwenda kuchukua wa kwangu. Nikachukua karatasi, nikageuka niingie ndani kuvaa kitenge kizuri, na nyumba yangu ilikuwa kituo cha kupimia kahawa. Haikubadilika. Ilikuwa tu hivyo, na mimi sikushangaa.

Kuna foleni ya wanawake. Kila mmoja amebeba mapaja yake kwenye tenga, kichwani. Mbele ipo mizani ya chuma, ile ya zamani yenye uso wa duara. Inakohoa.

"Jina?"

"Aikande."

"Umeleta nini?"

"Paja. Nataka mbwa wa kupakata."

"Kavu au bichi?"

"La miaka sabini na mitatu."

"Weka."

Nikakaa. Mshale ukapanda, ukafikiri, ukashuka kidogo kama mtu aliyekumbuka jambo. "Mifupa mingi," ikasema mizani. "Daraja la tatu."

"Angalia vizuri. Paja hili limelea watoto sita."

"Ndiyo maana." Ikakohoa tena. "Nawe nakujua. Mwaka sabini na nane uliweka jiwe kwenye gunia la kahawa."

"Lilikuwa dogo."

"Lilikuwa kilo mbili."

Wanawake wakacheka. Mapaja yao nayo yakacheka ndani ya matenga, jambo ambalo niliona ni utovu wa adabu.

"Na Nsia," nikauliza, "yeye alipewa daraja gani?"

"La kwanza."

"La kwanza! Nsia? Nsia mwenye goti bovu?"

Huko mbali nikasikia masale yanatembea.

"Sharti la kwanza," mizani ikasoma karatasi yangu bila kuishika. "Mbwa huyu haachwi peke yake. Akiachwa peke yake atalia mpaka augue. Uko tayari kutokuwa peke yako?"

"Niko tayari."

Papo hapo nikawa siko peke yangu. Wifi yangu anayeongea bila koma alikuwa bega la kulia. Bega la kushoto alikuwepo bwana mifugo ananisomea gazeti. Nikasema samahani jamani, naomba niende chooni. Nikaingia, nikafunga mlango, na kwaya ya akina mama ikawa imeshaingia, sauti zote nne. Wakaimba beti tatu. Wa sauti ya pili walikuwa wamekosa pumzi, maana choo changu ni kidogo.

Nikatoka nikiwa nimeghairi. "Mizani, karatasi imesema mbwa ndiye asiachwe. Haikusema mimi."

"Karatasi haikusema nani asimwache nani," ikajibu. "Umewachoka?"

"Sana."

"Dakika sita," ikasema, na kuandika.

Kwaya ikaondoka ikipunga mikono. Sasa anaingia Mangi mwenyewe. Anatembea kwa miguu miwili kama mgeni rasmi, masikio yake yanaburuzika chini hatua nne nyuma yake. Nyuma ya masikio anakuja mwizi wa kuku, yule yule tunayemjua wote hapa kijijini, amebeba tenga kwa shida.

"Shikamoo, Bibi," Mangi akasema.

Sikupenda kumwitikia. Lakini shikamoo haijibiwi kwa kununa, hata ndotoni. "Marahaba. Huyu mwizi umemtoa wapi?"

"Ni rafiki yangu. Tulifahamiana akiiba."

"Nawe hukubweka?"

"Sharti la pili, Bibi. Sifai kulinda. Nampenda kila mtu."

"Hodi," akasema mwizi kwa aibu, ingawa alikuwa ameshaingia.

"Na hilo tenga lina nini?"

"Moyo wangu," akasema Mangi. "Umekua umezidi kifua. Ndio ugonjwa wa ukoo wetu, kila mwaka lazima daktari wa mifugo ausikilize. Wenzangu wengi huondoka nao mapema. Tafadhali, sikiliza."

Nikainama. Nilitaka nisikie kitu kibovu, sitaki kukudanganya. Moyo ulikuwa mkubwa kama gunia la mahindi, wa moto, umefunikwa kwa jani la mgomba ili usipate vumbi. Nikaweka sikio.

*Nsia,* ukasema. *Nsia. Nsia. Nsia.*

Nikainuka. "Nimeshasikia."

"Bado," akasema Mangi.

Nikainama tena. *Nsia. Nsia. Na yule wa ng'ambo mwenye kelele. Nsia. Nsia. Na yule wa ng'ambo mwenye kelele.*

"Huyo wa ng'ambo ni nani?"

"Ni wewe, Bibi. Nawe umo."

Nikarekebisha kitenge. Mtu akikuweka moyoni bila ruhusa yako inabidi uipe mikono kazi. Lakini nikakumbuka kikombe. "Mimi sikuja kwako," nikamwambia. "Nimemfuata dada yako. Mangi Mkuu. Mleteni, nimpakate, niende."

"Dada yangu yupo. Ila kabla ya kumchukua, karatasi inataka kila wiki mtu asafishe masikio. Nisafishe mimi kwanza, tuone mkono wako."

"Masikio yako yana mwenyewe."

"Wiki hii Nsia ameshindwa."

"Ameshindwaje? Si anakuchana kutwa nzima?"

"Huchana kwa kupapasa," akasema Mangi. "Safisha, Bibi."

Akanitazama kwa yale macho yake. Jicho la kushoto likaniomba ndizi. La kulia likaniomba nyama. Karatasi ilikuwa imeonya: *macho yake yatakuomba chakula, usimpe, atanenepa.* Nikayaambia hakuna kitu.

"Kwa nini yakawa makubwa hivyo?" nikauliza.

"Yanaonea watu wawili."

Sikuelewa. Nikaona ni maringo tu ya watu wa wafalme.

Nikakunjua sikio la kulia kama mkeka. Nikasokota ncha ya kitenge, nikaingiza. Masikio yale yanaburuzika chini kila siku, yanaokota kila kitu. Kwanza likatoka vumbi. Yakatoka maganda ya kahawa, misumari, kitufe cha joho la mchungaji. Halafu akatoka kuku wangu mwekundu aliyepotea mwezi wa sita, akajikung'uta, akataga.

Nikamtazama mwizi. Mwizi akamtazama Mangi. Mangi akatazama dari.

"Endelea," mizani ikasema. "Muda."

Nikaingiza kidole zaidi, mpaka kiwiko. Nikashika kitu kidogo kigumu kama punje. Nikakitoa kikaanguka kwenye sahani ya mizani, na kilipoanguka kikasema kwa sauti ya Nsia:

"Mangi, leo Aikande hajawasha moto. Au moshi upo, ni mimi nisiyeuona?"

Nikatoa nyingine.

"Mangi, hiki nilichokutilia maji ni kikombe gani? Ngoja nikipapase. Kina pengo mdomoni. Ee Mungu wangu. Ni cha Aikande."

Mapaja yakaacha kucheka. Nikaingiza mkono tena, na safari hii punje zikatoka zenyewe, zinafuatana.

"Usimwambie habari za macho. Akijua atanihurumia, nami sijawahi kuhurumiwa na Aikande, sijui nitakaaje."

"Nimelifunga jani tangu siku ya pili. Njia ndiyo siioni, Mangi. Nikifika kwenye masale naona kijani kitupu, mwanya siuoni."

"Hebu bweka kidogo basi, atoke nje. Hata kubweka hujui."

Punje ya mwisho ilikuwa haina neno. Ilikuwa pumzi tu ya mtu anayekunywa kahawa peke yake.

Nikakaa chini, juu ya yai la kuku wangu. "Tangu lini?"

"Mtoto wa jicho," akasema Mangi. "Macho yote mawili. Tangu Krismasi. Elinami ndiye anayejua, ndiyo maana nililetwa. Wewe ulidhani nililetwa kwa ajili ya paja?"

"Ndiyo."

"Ni kwa ajili ya paja pia."

Sasa hapa ningependa kukuambia kwamba nililia, nikatubu. Hapana. Wivu ulinipanda kuliko siku zote. Miaka sitini na sita! Dawati moja, fimbo moja, misiba miwili. Jambo kubwa kuliko yote likampata Nsia, akaacha kuniambia mimi, akaenda kumwambia mbwa ambaye hata mwaka hajafikisha. Kikombe kilikuwa si kitu. Angempa hata sufuria zangu zote anywee. Lakini siri! Siri za Nsia ni zangu, tangu alipokojoa darasa la pili na mimi nikamwaga maji ya kunywa juu yake ili wasijue.

Huko nje nikasikia masale yanakimbia. Sikuyalaumu.

Nikatoka mlangoni kutazama. Nyumba ya Nsia haipo. Si ndogo, si mbali. Haipo. Palikuwa na kijani kitupu mpaka mwisho wa dunia. Nikasimama pale, macho yangu mazima, nami siioni njia ya kwenda kwake.

"Swali la mwisho," mizani ikasema nyuma yangu. "Jike yuko tayari, nimfunge kwenye karatasi? Unataka mbwa, au unataka nini?"

"Nataka saa kumi yangu."

Mizani ikafungua daftari, ikalifunga. "Hiyo hapa hatunayo."

Nikaanza kutembea. Mangi akanifuata, na nyuma yake mwizi na moyo. Sijafika mbali Mangi akanyakua ndala yangu ya mguu wa kushoto, akaiweka mdomoni.

"Rudisha!"

"Sharti la tano," akasema huku ameiuma. "Hubeba viatu vya watu anaowapenda."

"Nitatembeaje sasa?"

"Mguu wenye ndala hauijui njia, Bibi. Utumie huo mwingine. Umepita huko miaka arobaini."

Ilikuwa kweli. Nikafumba macho, maana hayakuwa na kazi. Mguu mtupu ukaanzia wenyewe pale kwenye benchi. Ukalijua jiwe la kufulia, ukalikwepa. Ukalijua shina la mgomba wa ndizi ng'ombe. Hatua tano, sita, saba. Kutoka benchi langu mpaka kizingiti cha Nsia ni hatua thelathini na moja, na mpakani ni ya kumi na nane. Nikafika ya kumi na nane. Hakuna mpaka.

Nikaita, "Masale!"

"Tuko mbali," yakajibu kwa mbali kweli. "Sema kuwa huna wivu tena, turudi."

Nikafungua kinywa niseme. Nikakumbuka kuwa uongo nao yanauhesabu.

"Ninao," nikasema. "Ninao mpaka kwenye meno. Namwonea huyu mbwa wivu, masikio yake, jina lake, na kila alichoambiwa. Asubuhi nitaamka nao. Siwaombi mrudi kwa sababu umeisha. Rudini nao ukiwepo."

Nikasikia yanashauriana, majani kwa majani.

"Hilo," likasema lile refu, "hatujawahi kuombwa. Tangazo la tatu, tunarudi."

Yakarudi kwa mara moja, karibu yanikanyage. Nikasikia upepo wake usoni, nikafumbua macho. Mwanya uko mbele yangu. Na katika mwanya, upande wa pili, Nsia amesimama, mkono mmoja unapapasa majani, moja baada ya jingine, kama mtu anayetafuta ukurasa. Mkono mwingine umeshika jani la isale.

"Nani hapo?" akauliza.

"Mwizi," nikasema.

"Karibu," akasema Nsia. "Mangi hana ubaya na wezi."

"Ana adabu mbaya, anaiba ndala."

Nsia akageuzia sikio upande wangu. "Aikande, umekondeana sauti."

"Siku tisa sijampigia mtu kelele."

Akaninyooshea jani. Lilikuwa limekauka ncha, lina fundo. Lakini fundo lilikuwa upande wa shina, si katikati kama tunavyofunga siku zote.

"Umelifunga vibaya," nikamwambia.

"Nimelifunga kwa vidole."

Nikanyoosha mkono nilipokee. Mangi akaruka katikati yetu, akalidaka jani kwa meno, akalichomeka ndani ya ndala yangu.

"Hapa hupokei," akasema. "Jani la ndotoni halina nguvu, kesho mtakataliana. Nitakuletea."

"Wewe, mbwa! Mambo ya watu wazima hayo!"

Lakini alikuwa ameshakimbia na ndala yangu mdomoni, masikio yanapepea. Mwizi akaweka tenga chini apumzike. Moyo ukaanza kupiga kwa nguvu, *na yule wa ng'ambo, na yule wa ng'ambo,* mpaka masale yakatikisika, na mpaka nikajua kuwa unaopiga ni wa kwangu, nami nimelala chali, na jua limeingia dirishani.

Jumamosi. Karatasi ya Elinami iko kifuani, imekunjamana. Miwani iko puani.

Nikakaa kitandani, nikashusha miguu. Wa kulia ukapata ndala. Wa kushoto ukapata sakafu.

Nikachungulia mvunguni. Nikatazama nyuma ya sanduku. Ndala zangu hulala ndani na mimi, zote mbili, na mlango nilikuwa nimeukaza komeo kwa mkono wangu. Komeo bado lilikuwa limekazwa. Nikalitoa, nikafungua.

Ndala ilikuwa nje, kwenye kizingiti, imegeuzwa kisigino mbele kama ya mgeni anayeondoka. Ndani yake lilikuwepo jani la isale. Si la leo. Lilikuwa limenyauka wiki nzima, ncha zimekuwa rangi ya kahawa, na fundo lilikuwa upande wa shina. Katikati ya jani kulikuwa na alama za meno, ndogo ndogo, kama za mtoto.

Nikalipokea. Ukiletewa huwezi kukataa, na desturi haijasema aletaye awe na miguu mingapi.

Elinami anangoja jibu leo. Nitamwambia mmoja anatutosha, na dada yake amtafutie paja la daraja la pili huko Arusha. Nitamwambia pia kwamba Jumatatu nasindikiza watu hospitali ya macho, na aje na gari lenye nafasi ya mabibi wawili na kikapu kimoja.

Nikashusha kikombe cha Nsia kutoka msumarini. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, na mpaka saa kumi ilikuwa mbali mno. Ndala ya kushoto ilikuwa imelowa mate.

Nikaivaa hivyo hivyo.